Kipimo kinaonyesha ugonjwa, hakionyeshi aliyeuleta

Leo siandiki juu ya barabara wala bei ya kakao. Nataka tuseme juu ya jambo ambalo watu wanatuandikia usiku, wakituomba tusitaje majina yao. Mmoja katika nyumba amepimwa, matokeo yametoka, na ndoa imevunjika kabla ya dawa kupatikana.

Mambo haya karibu kila mara yanaenda namna moja. Mama ana mimba, anaenda CPN. Wanamchukua damu, wanapima virusi vya ukimwi, wanapima kaswende. Jibu linatoka pozitifu. Anaambiwa, "Rudi na bwana yako." Jioni anakusanya nguvu, anamwambia bwana. Bwana haulizi watatibiwa wapi. Anauliza, "Umeitoa wapi?" Asubuhi vitu vya mama viko nje, wakwe wameitwa, na watu wanaanza kuhesabu mbuzi za mahari zinazopaswa kurudishwa.

Nasema wazi: huo ni uonevu. Tena ni uonevu uliojengwa juu ya kutojua. Karatasi ya maabara imegeuzwa kuwa karatasi ya tribinali, na anayehukumu ni mtu ambaye yeye mwenyewe hajapimwa.

Tuanze na jambo rahisi kabisa. Anayepimwa wa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa wa kwanza. Wanawake wetu wanapimwa kwa sababu wanabeba mimba. Mwanamke mwenye watoto watano huenda amepimwa mara tano. Bwana yake je? Wanaume wengi hapa kwetu hawajawahi kutoa damu yao ipimwe, isipokuwa siku ya malaria au ya tifoidi. Bashi ikitoboka mahali kumi na wewe ukaweka ndoo mahali pamoja, ndoo itajaa pale ulipoiweka. Hutasema mvua imenyesha pale tu. Basi tukipima wanawake peke yao, ni lazima ugonjwa uonekane kwa wanawake peke yao.

Jambo la pili: magonjwa haya yanajua kujificha. Chukua kaswende. Kidonda chake cha kwanza hutokea kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, lakini kinaweza kuja baada ya siku 10 au kuchelewa hadi siku 90. Hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani, mahali asipoweza kukiona. Kinapona chenyewe bila dawa katika wiki 3 hadi 6, na mtu anafikiri mambo yamekwisha. Baadaye vipele vinaweza kutokea mwilini, hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, navyo vinaondoka. Kiisha ugonjwa unalala ndani ya mwili miaka na miaka, bila maumivu, bila alama. Kwa hiyo kaswende inayoonekana mwezi huu inaweza kuwa imeingia kabla nyinyi wawili hamjajuana. Inaweza kutoka kwa mke, inaweza kutoka kwa mume. Kipimo hakina tarehe.

Virusi vya ukimwi ni vile vile. Mtu anaweza kuishi navyo miaka 8, hata 10, akilima, akiendesha pikipiki, akibeba mizigo, bila kuugua. Klamidia haionyeshi dalili kwa wanawake wengi wala kwa wanaume wengi. Trikomonasi inaweza kukaa kimya ndani ya mwanaume miezi mingi, yeye akijiona mzima, huku bibi yake anatibiwa, anapona, anaambukizwa tena, na kila mara anaitwa mchafu. Papa, unaposema "mimi sina kitu, mimi sisikii maumivu," hujasema lolote. Kusikia vizuri si kipimo.

Kuna wengine wanasema, "Mimi nilipimwa, nikakutwa mzima, kwa hiyo yeye ndiye mwenye makosa." Ngoja kidogo. Kwanza, aliyeambukizwa virusi vya ukimwi karibuni anaweza kukutwa negatifu, kwa sababu mwili haujatoa alama bado. Ndiyo maana waganga wanamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Pili, kuna ndoa nyingi ambamo mmoja ana virusi na mwingine hana, hata baada ya miaka ya kulala kitanda kimoja. Matokeo mawili tofauti hayamwambii mtu nani alitoka nje.

Sasa niseme jambo ambalo hata wengine wanaovaa koti jeupe hawachukui muda wa kulieleza. Kipimo cha haraka cha kaswende, kile cha tone la damu, kinatafuta alama ambazo mwili ulitengeneza kupigana na ugonjwa. Alama hizo mara nyingi zinabaki maisha yote, hata kama mtu alitibiwa akapona miaka 15 iliyopita. Ni kama kovu. Ukiona kovu la panga kwenye mkono wa mtu, huwezi kusema amekatwa jana. Kuna kipimo kingine, kinaitwa RPR, ambacho kinasaidia kutofautisha ugonjwa ulio hai na ule wa zamani. Mahali ambapo hakipo, mganga anampa mama dawa bila kungoja, na anafanya vizuri, kwa sababu mtoto yuko tumboni. Lakini kumpa dawa ni tahadhari. Si kuthibitisha kwamba amezini.

Tuje kwa neno letu la kila siku: enfeksio. Huku kwetu neno hilo linabeba kila kitu. Maumivu ya mkojo, enfeksio. Kuwashwa, enfeksio. Ute wenye harufu, enfeksio. Kituo kidogo cha afya kisicho na maabara kinatibu kwa kuangalia dalili, na mara nyingi hakina njia nyingine. Lakini si kila ute unatoka katika zinaa. Kuna fangasi, ambayo inaweza kuja baada ya kumeza antibiotiki, au wakati wa mimba, au kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Kuna vijidudu vya kawaida vya ukeni ambavyo vinapoteza usawa wao. Kuna ugonjwa wa njia ya mkojo. Mwanamke anaweza kupata haya yote bila mwanaume yeyote wa nje. Kuna ndoa hapa zimekufa kwa ajili ya fangasi, wasikilizaji. Fangasi!

Na wanaume wenzangu, msifikiri jambo hili linawagusa wanawake tu. Mara nyingi tunaitwa kutoa damu hospitalini kwa ajili ya ndugu aliyejeruhiwa. Damu inapimwa, kiisha unaambiwa una homa ya ini ya aina B, ile wanayoita epatiti B. Sasa ni bibi anayeuliza, "Umeitoa wapi?" Ukweli ni kwamba ugonjwa huo unapita katika ngono, ndiyo, lakini unapita pia kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, katika wembe, katika sindano isiyosafishwa. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake unaushinda. Lakini kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, hadi 9 wanabaki nao. Kwa hiyo mtu mzima anayeishi na ugonjwa huo mara nyingi aliupata akiwa mdogo kabisa. Huyo papa anaweza kuwa mwaminifu toka siku ya harusi. Kama tunataka bibi amsikilize papa huyo kwa utulivu, basi papa naye amsikilize bibi siku zamu yake itakapofika.

Kuna jambo jingine, zito kuliko yote, na sitalipita kwa sababu tunaishi katika nchi ya vita. Wanawake wetu wamepita katika barabara za kukimbia, katika misitu, katika mashamba ambako watu wenye silaha walikuwa. Wengine walibakwa na hawakumwambia mtu. Wanaume wengine pia. Walinyamaza kwa sababu waliona jirani aliyesema alivyofukuzwa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imepokea maelfu na maelfu ya watu wa namna hiyo. Hao ni waliofika. Waliobaki kimya nani anawahesabu? Mwanaume anayepiga kelele "Nani alikupa?" anaweza kuwa anamlazimisha bibi yake kusimulia mbele ya wakwe na watoto siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya makosa ya ngono inamwadhibu mbakaji. Sisi katika nyumba zetu tunamwadhibu aliyebakwa.

Najua jibu litakalokuja. Watasema, "Mwandishi, unatetea uzinzi. Kuna wanawake wanaotoka nje. Kuna wanaume wanaokwenda Biakato na Mambasa kutafuta dhahabu wanakaa miezi sita, na huko hawalali peke yao." Ni kweli. Sikatai. Uaminifu ni kitu kikubwa, na aliyesalitiwa ana haki ya kuumia, ana haki ya kuuliza, hata ana haki ya kuondoka. Lakini hayo ni mazungumzo ya watu wawili wanaojua maisha yao. Karatasi ya maabara haiwezi kufanya mazungumzo hayo kwa niaba yenu. Kama una shaka na mwenzako, shaka hiyo ilikuwepo kabla ya kipimo, na ni lazima ijibiwe kwa maneno na kwa ukweli. Na aliyetoka nje kweli, awe papa au mama, naye anahitaji kutibiwa. Dhambi haitibiwi kwa penisilini, wala kaswende haitibiwi kwa kufukuza mtu.

Tuangalie sasa matunda ya kufukuza. Mama ameondoka, papa amebaki na ugonjwa uleule, hajapimwa. Baada ya miezi michache ameoa mwingine. Huyo naye anabeba mimba, anaenda CPN, anakutwa pozitifu, anafukuzwa. Papa huyo anahesabu wanawake wawili wazinzi. Hesabu yake haijamfikia yeye mwenyewe.

Na mama aliyefukuzwa? Kijijini angeweza kurudi kwa wazazi. Lakini leo wazazi wenyewe wako wapi? Wamelala katika darasa la shule au kwa familia iliyowapokea, watu kumi na wawili katika chumba kimoja. Jetoni ya msaada mara nyingi imeandikwa kwa jina la papa. Siku ya kugawa unga na mafuta, papa anapokea kwa ajili ya watu sita, na mama na watoto wanaangalia kwa mbali. Kwa mkimbizi, kufukuzwa ni njaa. Ni kulala mahali pasipo mlango, mahali ambapo hatari ya kubakwa inangoja.

Na mtoto aliye tumboni? Kaswende isiyotibiwa katika mimba inaweza kuua mtoto kabla ya kuzaliwa, au akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mgonjwa. Dawa yake, penisilini ya benzathini, ni sindano ya zamani, inajulikana, inatibu mama na mtoto. Inafaa itolewe mapema, angalau siku 30 kabla ya kuzaa. Kwa virusi vya ukimwi, bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi, 15 hadi 45 wanaweza kuambukizwa. Mama akimeza dawa vizuri, wanashuka chini ya 5. Na mtu anayemeza dawa hadi virusi havionekani tena katika damu hamwambukizi mwenzake katika ngono. Haya yote yanategemea kitu kimoja: mama arudi kituoni. Mama anayeogopa kufukuzwa anachana karatasi njiani. Mficha maradhi kifo humfichua, na hapa kifo kinaanza na mtoto.

Kwa hiyo nina maneno kwa kila mmoja.

Papa, siku bibi atakapokuletea habari hiyo, fahamu kwamba ameshachagua kukuamini. Angeweza kunyamaza, akatibiwa peke yake, ukabaki na ugonjwa. Siku ile ile au kesho yake, nenda ukapimwe na wewe. Kipimo cha bibi si kipimo chako. Usiende farmasi kununua vidonge vya kuchanganya kwa ushauri wa rafiki wa pikipiki. Siprofloksasini mliyozoea kumeza kwa ajili ya kisonono, kisonono cha leo katika nchi nyingi hakiiogopi tena. Usigawane vidonge vya bibi nusu kwa nusu, kwa sababu hakuna atakayepona. Mtibiwe wote wawili katika muda mmoja, msilale pamoja angalau siku 7 baada ya dawa na mpaka dalili ziishe, au mfuate muda ambao mganga amewapa. Kama mlikuwa na watu wengine, kila mmoja awaambie wake, hata kama ni vigumu.

Mama, kama unajua bwana yako anapiga, usimpelekee karatasi ukiwa peke yako usiku. Mwambie mganga kabla ya kutoka pale: "Nyumbani kwangu hakuna usalama." Kuna vituo vinavyoandika barua ya kumwita mwanaume kwa ajili ya afya ya mimba bila kutaja ugonjwa. Omba hiyo. Anza dawa zako hata kama yeye amekataa. Na kama ulibakwa, si makosa yako. Ukifika kabla ya saa 72, kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Kabla ya siku 5, kuna dawa ya kuzuia mimba. Na hata ukichelewa wiki au miezi, bado nenda, kwa sababu magonjwa mengine bado yanatibika.

Waganga na waganga wasaidizi, nyinyi mnafanya kazi ngumu, wakati mwingine bila mshahara, tunawaheshimu. Lakini maneno "rudi na bwana yako" hayatoshi. Chukueni dakika tano. Mwelezeni mama, na mkiweza waelezeni wote wawili, kwamba kipimo hakisemi lini wala nani. Alikeni wanaume toka siku ya kwanza ya CPN, wapimwe pamoja na wake zao, wasiitwe tu wakati wa matatizo. Na siri ya mgonjwa isivuke mlango. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008 inalinda watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na siri yao ni sehemu ya ulinzi huo. Tunasikia matokeo ya mtu yakifika sokoni kabla yake. Hiyo ni aibu ya kituo.

Wachungaji, mapadri, maimamu, na nyinyi wazee wa familia, msikubali kukaa kikao cha kuhukumu mtu mmoja kwa karatasi ya mtu mmoja. Mkiletewa kesi hiyo, swali lenu la kwanza liwe: "Nyinyi wawili mmepimwa? Nyinyi wawili mmetibiwa?" Kama jibu ni hapana, fungeni kikao. Na mkumbuke kwamba ndoa iliyoandikwa kwa serikali haivunjwi na mjomba wala na kikao cha jioni. Sheria ya familia ya Kongo inasema talaka inatoka kwa uamuzi wa tribinali.

Viongozi wa kambi na nyinyi wenye mashirika, mama aliyefukuzwa na watoto aandikwe peke yake, apate jetoni yake, bila kuulizwa hadharani alifukuzwa kwa nini.

Ndugu zangu, vita imetunyang'anya mashamba, nyumba na watu wetu. Magonjwa haya mengi yana dawa, na yasiyopona yana dawa ya kuishi nayo. Kuvunja nyumba iliyobaki kwa ajili ya kitu ambacho sindano moja au tatu zinaweza kumaliza, hiyo si heshima ya mwanaume. Wiki hii, wewe ambaye bibi yako ana mimba, mpeleke CPN, uketi naye kwenye benchi, na mkono wako wa kwanza kuchomwa uwe wako.